Kifaa tiba “cha kudumu”: kinachodumu ni nini?

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yetu, mzee kutoka Uvira, kwenye kliniki ya mifupa hapa Marekani. Goti lake lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Wakamletea woka, ile fremu ya miguu minne ya kushikia ukitembea, na karatasi ya kutia sahihi. Mkalimani kwenye simu akamwambia: “Unapokea kifaa tiba cha kudumu.” Mzee akaweka kalamu mezani, akanigeukia: “Kwa hiyo sitapona tena, mwanangu?”

Nimeshalisikia kosa hili mara nyingi mno, na kila mara mgonjwa ndiye anayebeba hofu yake.

Neno linalotafsiriwa hapo ni “durable medical equipment”, ambalo wahudumu hulikata kuwa DME. Kwa Medicare, bima ya serikali ya Marekani ya wazee wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu, DME ni kifaa kinachohimili kutumiwa tena na tena, chenye kazi ya kitabibu, ambacho kwa kawaida mtu asiye mgonjwa wala majeruhi hana haja nacho, na kinachofaa kutumiwa nyumbani. Vilivyoingia kundi hili kuanzia 2012 vinatakiwa pia viwe vya kuishi angalau miaka 3. Woka, magongo, kiti cha magurudumu, mashine ya oksijeni vimo. Nepi na bendeji havimo, hata daktari akikuandikia, kwa sababu ukishatumia unatupa.

Sasa hilo “kudumu”. Tumelipata kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa “daima”. Kitenzi chenyewe hakina kosa. Tunasema betri hii inadumu, viatu hivi vinadumu, na kila mtu anaelewa kwamba haviharibiki upesi. Tatizo linaanza tukisema “cha kudumu”. Mkaazi wa kudumu, anwani ya kudumu, ulemavu wa kudumu: hapo hatuzungumzii uimara wa kitu tena, tunasema hali hiyo haina mwisho unaotarajiwa. Mkimbizi aliyepitia ofisi za uhamiaji amelisikia neno hilo kwa maana hiyo moja tu kwa miaka mingi. Ukimwambia kifaa ni cha kudumu, ana haki ya kusikia kwamba mguu wake ndio umehukumiwa. “Durable” la Kiingereza lina asili nyingine, Kilatini cha kitu kigumu. Linakisifu kifaa. Juu ya mgonjwa halisemi lolote.

Na ukirudi kwenye sheria utaona maana ya “daima” ilivyo mbali. Sheria iliyoanzisha Medicare mwaka 1965 ilizungumzia kukodi vifaa hivi, ikataja mapafu ya chuma (mashine kubwa za kumsaidia mgonjwa kupumua), mahema ya oksijeni, vitanda vya hospitali na viti vya magurudumu vya kutumiwa nyumbani kwa mgonjwa. Kukodi! Kifaa kilihesabiwa kuwa durable kwa sababu mgonjwa mmoja angeweza kukirudisha, kikasafishwa, akapewa mwingine. Kilichotarajiwa kudumu ni chuma, kiendelee kuwepo haja ya mgonjwa wa kwanza ikiisha.

Hadi leo kukodi kupo. Kiti cha magurudumu cha kawaida hulipiwa kwa mwezi, na baada ya miezi 13 mfululizo kinakuwa mali ya mgonjwa. Mashine ya oksijeni hulipiwa miezi 36, na bado inabaki mali ya aliyeileta. Woka unaweza kukodi au kununua, na msambazaji anatakiwa akueleze hivyo. Ukishalipa mwenyewe kile kiwango cha kwanza cha kila mwaka, Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoikubali, nawe asilimia 20.

Kuna wanaoshuku kliniki inayotoa kifaa hapohapo na kutuma bili, kana kwamba daktari amefungua duka kwa mlango wa nyuma. Inaruhusiwa, ila kwa masharti. Ni lazima kliniki isajiliwe Medicare kama msambazaji wa vifaa, mbali na usajili wa daktari mwenyewe. Na sheria iitwayo Stark humzuia daktari kumwelekeza mgonjwa wa Medicare kwenye biashara ya vifaa anayofaidika nayo. Upenyo uliopo ni mwembamba: fimbo, magongo, woka na vichache vingine, kwa mfano kile ambacho mgonjwa anakihitaji ili aweze kutoka ofisini kwa miguu yake. Woka wa mzee wetu uliingia hapo. Kitanda cha hospitali kisingeingia.

Kwa hiyo wakalimani wenzangu, naomba badiliko dogo tu: “kifaa tiba kinachodumu”. Mkipata nafasi ya sentensi nzima, semeni “kifaa imara cha kutumia nyumbani wakati unapona, au kwa muda wote utakaokihitaji”. Na mgonjwa akiuliza kama sasa ni chake, msimjibu kwa kulitegemea neno hilo. Mpelekeeni mhudumu swali, aseme kama kimekodiwa au kimenunuliwa.