"Utafiti wa ubora" si utafiti ulio bora

Juzi nimemsikia tena mwanafunzi wa uzamili akitetea pendekezo lake: "Nimechagua utafiti wa ubora kwa sababu nataka matokeo bora." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Kwa ufupi, utafiti una mikabala, yaani njia za kuliendea swali, miwili mikuu. Mkabala wa kiidadi (quantitative) hukusanya data zinazohesabika na kuzichambua kitakwimu. Mkabala wa kimaelezo (qualitative), ndio huo alioutaja mwanafunzi kama "utafiti wa ubora", hukusanya kauli, matendo na nyaraka ili kuelewa jambo linavyotokea na wahusika wanalichukuliaje.

Kinachopotosha ni hilo neno "ubora". Majina ya mikabala hii kwa Kiingereza yana asili ya Kilatini, na asili yenyewe ni maswali mawili: qualis, "wa namna gani?", na quantus, "kiasi gani?". Qualis haisifii kitu. Inauliza kilivyo tu, kiwe kizuri au kibaya. Kwetu, bora ni sifa njema tupu. Ukishauita mkabala mmoja "wa ubora", ule mwingine unasikika kama kazi ya kulipua, na mwanafunzi anayeogopa hesabu anapata pa kujifichia. Ndiyo maana napendelea "kimaelezo". Eleza imetokana na elea, kuwa wazi, kama tunaposema "jambo hili limenielea".

Na maswali yale ya Kilatini tunayo wenyewe: -ngapi na -je. Watafiti wa mradi uitwao Uwezo walipopima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda nyumbani kwao, kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, waliuliza wangapi wanaweza kuisoma. Hapo huna budi kupima maelfu. Kumhoji mwalimu mmoja kutwa nzima hakukupi jibu. Lakini ukitaka kujua mtoto asiyejua kusoma anafikaje darasa la tano, itabidi ukae dawati la nyuma siku nyingi, umwone anavyoitikia na wenzake kwa sauti huku macho hayako kitabuni. Wengine huuliza yote mawili katika utafiti mmoja, wakachanganya mikabala, na hilo linaruhusiwa.

Yule mwanafunzi anataka kujua walimu wa darasa la kwanza wanafundishaje kusoma wanapokuwa na watoto wengi kupita kiasi. Mkabala aliouchagua unafaa kabisa. Kwenye sura ya tatu ya pendekezo lake, ile ya mbinu za utafiti, afute tu "matokeo bora", na mahali pake aandike kwamba swali lake linauliza "wanafundishaje".