Je, Wajua Kwa Nini Oman na Yemen, Majirani wa Pwani Moja, Maisha Yao Yameachana Hivi?

Mombasa zipo nyumba ambazo shangazi yuko Muscat, Oman, na ami yuko Mukalla, Yemen, na ukikaa sebuleni siku ya Idi wajua simu imetoka wapi kabla hujaambiwa. Ya Muscat ni ya picha, tena ndefu, watoto wanaletwa mmoja mmoja wasalimie. Ya Mukalla ni ya sauti tu, inakatikakatika, na aliye upande wa pili anataka kumaliza la muhimu kabla chaji haijamwishia.

Ni majirani hao. Mpaka wao ni wa kilomita zisizofika 300, lugha ya Kimahri husemwa pande zote mbili, na kusi ile ile inayochafua bahari huku kwetu ndiyo inayopeleka mvua za msimu, khareef, kwenye milima ya Dhofar upande wa Oman na Mahra upande wa Yemen. Lakini tazama maisha. Mtu wa Oman hutarajiwa kuishi takribani miaka 80, wa Yemen hafiki 70. Mtoto wa Yemen ana hatari kama mara nne zaidi ya mwenzake wa Oman ya kufa kabla hajatimiza miaka mitano. Pato la Oman ukiligawa kwa kichwa ni karibu dola 20,000 kwa mwaka, la Yemen halifiki 1,000. Kwa nini?

Uliza barazani Kibokoni, Mombasa, baada ya alasiri, kahawa ikizunguka, utajibiwa hata hujamaliza swali: mafuta! Oman wanayo, Yemen hawana.

Hilo ni nusu ya ukweli. Yemen nao wanayo. Yaligunduliwa Marib mwaka 1984, na kufikia 2001 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya mapipa 400,000 kwa siku. Oman hutoa kama milioni moja. Shida inaanza kwenye kugawana: Oman ina watu kama milioni tano, na karibu wanne katika kila kumi ni wageni waliofuata kazi, ilhali Yemen ina zaidi ya milioni 35. Hata hivyo hesabu hiyo haimalizi swali, kwa sababu rudi nyuma miaka 70 utakuta mambo yako kinyume.

Miaka ya 1950 mji wa kuonewa wivu ulikuwa Aden. Waingereza waliushika tangu 1839, na ilikuwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi zaidi duniani. Meli za India, Australia na Afrika Mashariki zikitia nanga pale kujaza mafuta. Mwaka 1954 kikafunguliwa kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta. Na Oman? Hadi 1970 nchi nzima ilikuwa na kama kilomita 10 za barabara ya lami na shule tatu, zote za wavulana. Malango ya Muscat yalifungwa usiku, na mtu akionekana nje bila taa mkononi alikamatwa. Kijana aliyetaka elimu aliihama nchi. Mwaka 1960 angetokea mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa akaambiwa achague pa kuhamia, Muscat asingeifikiria.

Wala tusiseme Oman ilipona kwa kuwa haikuonja vita. Iliionja. Uasi wa Dhofar ulianza 1965, wapiganaji wakisaidiwa baadaye na Yemen Kusini (Yemen ilikuwa bado nchi mbili), na haukutangazwa kumalizika hadi Desemba 1975. Uingereza ilishiriki, Shah wa Iran akatuma majeshi. Katikati ya vita hivyo, tarehe 23 Julai 1970, Qaboos bin Said akampindua babake, Sultani wa Oman. Fedha za mafuta zilikuwa zimeanza kuingia tangu 1967, ila babake alizikalia. Mtoto akazitumia: msamaha kwa waasi waliojisalimisha, kisha visima, zahanati na shule huko huko milimani walikotoka. Mmoja aliyekuwa upande wa waasi, Yusuf bin Alawi, ndiye aliyekuja kusimamia mambo ya nje ya Oman kuanzia 1997 hadi 2020. Kuna watakaosema amani hiyo ilinunuliwa. Sawa, ilinunuliwa. Mimi naona ni bei rahisi.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi Waswahili, ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu. Kujenga hospitali ni kazi ya fedha. Daktari, mwalimu na karani hawaagizwi kwa meli. Oman ya 1970 haikuwa nao. Wenye elimu hiyo walikuwa watu wa asili ya Oman waliozaliwa na kusomeshwa Zanzibar na pwani yetu hii, wengi wao wakiwa wametawanyika baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Qaboos alipowaita warudi, waliingia moja kwa moja maofisini, mahospitalini, madarasani na kwenye kampuni za mafuta, wengine Kiarabu chenyewe kikiwapiga chenga. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Mombasa akipotea njia Muscat, akilalamika kwa sauti kidogo tu kwa Kiswahili, haikosi mtu kugeuka.

Matokeo yake hayakukawia. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliipa Oman nafasi ya nane kati ya nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wake wa afya. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukaitaja kuwa nchi iliyopiga hatua kubwa kuliko zote katika maendeleo ya binadamu tangu 1970.

Aden nayo ilikuwa ikiteremka ngazi. Juni 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita vya Waarabu na Israeli, ukakaa umefungwa miaka minane. Bandari inayoishi kwa meli za kupita ikakosa meli. Novemba mwaka huo huo Waingereza wakaondoka. Yemen Kusini na Yemen Kaskazini zikaungana Mei 1990, na kabla muungano haujakauka wino, Yemen ikapiga kura ya kupinga azimio la kutumia nguvu dhidi ya Iraq iliyokuwa imeivamia Kuwait. Saudia ilikasirika. Wayemeni wanaokaribia milioni moja wakajikuta wanarudi nyumbani, na pesa walizokuwa wakituma zikakatika. Mwaka 1994 vita vya wenyewe kwa wenyewe. Septemba 2014 Wahouthi, waasi kutoka kaskazini, wakaiteka Sanaa, mji mkuu, na Machi 2015 muungano ulioongozwa na Saudia ukaanza kudondosha mabomu.

Sasa tufike penyewe. Wengi hudhani vita hushusha maisha kwa risasi na makombora. Hayo yapo, tena mengi. Lakini Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba hadi mwisho wa 2021 vita vya Yemen vilikuwa vimegharimu maisha ya watu 377,000, na kama asilimia 60 ya hao hawakufa kwa silaha. Walikufa kwa njaa, maji machafu na kukosa tiba. Katika jumla yote hiyo, karibu saba katika kila kumi walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Chukua maji. Miji ya Yemen hunywa maji yanayovutwa kutoka visima virefu, na pampu hutaka umeme au dizeli. Vita ikapiga mitambo ya umeme, dizeli ikawa adimu na ghali, pampu zikasimama. Mitambo ya kusafisha maji taka nayo ikasimama, na uchafu ukaingia visimani. Watu wakanunua maji ya malori wasiyojua yalikotekwa. Sisi tunaoita mkokoteni wenye mitungi mfereji ukikauka twaijua hiyo wiki moja ilivyo. Wao ni miaka. Kati ya mwisho wa 2016 na 2021 washukiwa wa kipindupindu walivuka milioni 2.5, mlipuko mkubwa kuliko wowote katika zama zetu. Na kipindupindu, mgonjwa akiwahiwa, mara nyingi hutibiwa kwa maji safi, sukari na chumvi. Kilichokosekana ni hicho cha kwanza.

Kisha mshahara. Septemba 2016 serikali inayotambuliwa kimataifa ilihamisha Benki Kuu kutoka Sanaa kwenda Aden. Wahouthi wakabaki na yao. Watumishi wa umma zaidi ya milioni moja wakaanza kukaa miezi bila kulipwa, wengine wakipata nusu mshahara mara chache kwa mwaka. Bomu likianguka shuleni, dunia huona picha. Mwalimu akiacha kwenda kazini kwa kuwa nauli hana, hakuna picha, na darasa limefungwa vile vile. Ndivyo ilivyo kwa nesi, kwa fundi wa pampu, kwa mzoa taka.

Benki mbili zikazaa pesa mbili. Wahouthi walipiga marufuku noti mpya zilizochapishwa na upande wa Aden, wakabaki na za zamani zilizochakaa. Riali ni riali kwa jina, lakini dola moja imekuwa Sanaa ikicheza kwenye riali 530 hadi 600, wakati Aden ilivuka 1,000 mwaka 2021 na 2,000 mwaka 2024. Kutuma pesa kutoka Aden kwenda Sanaa, ndani ya nchi moja, ada na tofauti ya noti vimewahi kula nusu ya fungu. Wenye jamaa huko wanajua: kabla ya kutuma, swali la kwanza si shilingi ngapi, ni mpokeaji yuko upande gani.

Hapo ndipo njaa inapoingia. Karibu asilimia 90 ya ngano ya Yemen hutoka nje, hulipiwa kwa dola, na sehemu kubwa hupitia bandari ya Hodeidah, ambayo imepigwa mabomu na kuzuiwa mara kadhaa. Riali ikishuka, mkate unapanda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo katika miji mingi ya Yemen unga upo dukani, magunia yamepangwa hadi dari. Asiyekuwa na pesa ni mnunuzi.

Tazama sasa Muscat, maana hili ndilo linaloniondoa kabisa kwenye jibu la mafuta peke yake. Oman nayo ni jangwa na milima. Maji yake mengi ya kunywa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo. Ngano yake nyingi nayo huja kwa meli. Riali yake imefungwa kwenye dola kwa bei ile ile tangu 1986. Ardhi haikuihurumia Oman kuliko Yemen. Tofauti ni kwamba pale mtu anayewasha pampu alfajiri amelipwa mwisho wa mwezi, na wa kabla yake alilipwa, kwa miaka 50 mfululizo. Mafuta ndiyo yaliyomlipa, sikatai. Lakini fedha za mafuta za Yemen zingeweza kulipa wengi wake pia, kama zisingekuwa zikigombewa.

Wastani nao una uongo wake, tuuseme. Dada zetu wanaokwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani wako ndani ya nchi hiyo hiyo yenye pato la dola 20,000, lakini ukadama hauhesabiwi kwa wastani. Visa yake iko mikononi mwa tajiri. Akipata mwema, atajenga nyumba Kisauni. Akipata mbaya, pasipoti imefungiwa kabati na hospitali nzuri iliyo mtaa wa pili haimfai kitu. Upande wa pili, Yemen si moto mtupu. Mahra imekuwa na utulivu kuliko kwingi, na umeme wa serikali ulipokufa, Wayemeni walijaza mapaa yao paneli za sola, hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuona nguzo ya umeme vikawasha taa.

Na kama kuna anayedhani hayo ni ya huko, ashuke sokoni Kongowea, Mombasa. Novemba 2023 Wahouthi walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu, na kampuni kubwa zikaamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi au zaidi kuongezwa kwenye safari, na bei ya kusafirisha kontena ikapanda. Majani ya chai yanayouzwa mnadani hapa Mombasa njia yake ya kawaida kwenda Misri na Ulaya ni Bahari ya Shamu. Belo za mitumba kutoka Ulaya nazo hupita bahari hiyo kuja kwetu, na anayezifungua sokoni alfajiri ndiye wa kwanza kukuambia mzigo umechelewa na bei si ile ya mwaka jana.