Kiti, mimbari na barua ya uhamisho: nguvu za mchungaji wa Kipresbiteri zinatoka wapi

Nairobi imejaa makanisa ambayo mchungaji ndiye aliyekodi ukumbi, akanunua spika, kisha akachapisha picha yake na ya mkewe kwenye bango la barabarani. Aliyezoea makanisa hayo akiingia PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, hushangaa kuona mchungaji anaulizwa na wazee wa kanisa kwa nini bili ya stima imepanda, na anajibu. Mwezi Januari akirudi anakuta mchungaji mwingine kabisa, na hakuna aliyegombana na mtu.

Nataka kueleza mfumo huu unavyofanya kazi. Bila kuuelewa, huwezi kuelewa kwa nini baadhi ya wachungaji wa Kipresbiteri waliitikisa serikali ya Kenya wakati hawakuwa maaskofu wala hawakuwa na mali.

Anza chini. Kaya jirani huunda distrikti, na kila distrikti ina wazee wake wa kanisa, wanaume kwa wanawake, waliochaguliwa na washirika wenyewe. Distrikti zikikusanyika unapata kanisa la mahali. Kanisa moja au kadhaa ni parokia. Parokia za eneo moja huunda presbiteri, na juu ya presbiteri zote kuna Mkutano Mkuu unaokaa kila baada ya miaka 3 chini ya Moderata, kiongozi mkuu wa kanisa. Ofisi kuu iko South C, katika jengo la Jitegemea. Jina hilo lina historia yake, nitaifikia.

Parokia inaongozwa na baraza la wazee, ambalo wengi huliita tu sesheni, na mwenyekiti wake ni mchungaji. Hapa ndipo penye uhondo. Sesheni haiwezi kukaa bila mwenyekiti aliyetambuliwa na presbiteri. Wazee 20 wakikutana chini ya mti bila yeye, hayo ni mazungumzo, hata wakiandika kumbukumbu kwa wino wa dhahabu. Kikao hufunguliwa kwa maombi, karani anaita majina, anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, zinasahihishwa na kutiwa saini, ndipo ajenda zinaanza. Maombi hayo ya kufungua si mapambo. Ndiyo yanayofanya mkutano uwe kikao halali cha kanisa, na karani mzuri huandika saa yalipofanyika na nani aliyeyaongoza.

Sasa mchungaji huyo aliyekalia kiti ana sauti gani? Anaongoza mjadala na anaamua nani aseme lini, ila wazee wakikataa bajeti yake imekataliwa. Hatii hundi saini peke yake. Kiwanja cha kanisa hakiandikwi kwa jina lake. Yeye mwenyewe si mshirika wa parokia anayoihudumia, kwa maana jina lake liko kwenye orodha ya presbiteri, na presbiteri ndiyo inayoweza kumshtaki au kumtetea. Ndiyo maana mzee wa kanisa hawezi kumfukuza mchungaji, na mchungaji hawezi kumfuta mzee kwa hasira za Jumapili moja. Aliyeonewa, awe nani, hukata rufaa ngazi ya juu.

Mahali pekee ambapo hapigiwi kura ni mimbarini. Hakuna sesheni inayopitisha mahubiri. Wazee wanaweza kulalamika Jumatatu, wanaweza kuandika barua kwa presbiteri, lakini Jumapili saa nne neno limeshatoka. Ukiunganisha hilo na barua ya uhamisho, ya kumpeleka parokia nyingine, inayoweza kumfikia wakati wowote, unapata picha kamili: mtu asiye na cha kurithisha, asiyemiliki hata kiti anachokalia, aliyepewa dakika 30 kila wiki za kusema kile anachoamini Maandiko yanasema. Wengine wakipewa nafasi hiyo huogopa barua. Wengine haiwashtui.

Mchungaji Dkt. Timothy Njoya alikuwa wa kundi la pili. Tarehe 1 Januari 1990, katika kanisa la St Andrew's karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, alihubiri kuhusu kuanguka kwa tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki, akauliza kama Afrika nayo haitafika huko. KANU, chama pekee kilichotawala Kenya wakati huo, ilikuja juu. Linganisha hapo na maaskofu wa Kianglikana wa enzi hizo waliokuwa wakali vilevile, Henry Okullu wa Maseno Kusini na Alexander Muge wa Eldoret. Askofu ana dayosisi yake. Humwandikii barua ya kumpeleka kijijini. Njoya alikuwa mchungaji wa parokia, na mfumo uleule uliompa mimbari ndio uliomwondoa hapo St Andrew's, ukampeleka mashambani, na kuna wakati ukamvua daraja kabla ya kumrudishia. Wanaosimulia habari hizi kama shujaa dhidi ya serikali tu huacha nusu ya kisa. Ndani ya kanisa lenyewe palikuwa na wazee na viongozi walioona anawaharibia, nao walitumia kanuni halali kumbana. Waliomrudisha pia walitumia kanuni halali.

Tarehe 7 Julai 1997 alipigwa na polisi ndani ya All Saints Cathedral. Tarehe 10 Juni 1999, siku ya kusomwa kwa bajeti, alipigwa tena nje ya Bunge mbele ya kamera. Lakini ukiniuliza mimi, pigo lake kubwa kwa dola lilikuwa la karatasi. Tarehe 25 Machi 2004 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi aliyoifungua yeye na wenzake, kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha katiba lakini halina uwezo wa kuibadilisha yote; katiba mpya lazima ipitishwe na wananchi wenyewe. Ndiyo sababu tulipiga kura ya maoni kuhusu katiba Novemba 2005, ile ya alama za ndizi na chungwa, kisha nyingine Agosti 2010. Sioni ajabu kwamba hoja hiyo ililetwa na Mpresbiteri. Mtu aliyelelewa katika kanisa ambalo baraza haliwezi kujipa mamlaka ambayo halikukabidhiwa huiona kasoro hiyo upesi.

Kabla yake kulikuwa na John Gatu, aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kabla ya kuwa mchungaji, kisha Katibu Mkuu wa PCEA tangu 1964 na baadaye Moderata. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee, Marekani, aliwaambia Wamarekani kwamba wamisionari na fedha zao wasimame kwanza, makanisa ya Afrika yapate kusimama kwa miguu yao. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika nzima huko Lusaka uliichukua hoja hiyo. Hapo ndipo neno Jitegemea lilipopata uzito. Lina gharama yake pia, na ni ya kila Jumapili: kanisa lisilosubiri hela za Scotland, walikotoka wamisionari wake, linategemea sadaka, fungu la kumi na harambee, na penye harambee mwanasiasa hayuko mbali.

Hili ndilo eneo ninaloulizwa zaidi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mheshimiwa hafiki kanisani kwa bahati. Mara nyingi mzee mmoja amempigia simu Ijumaa, mchungaji anaambiwa Jumapili asubuhi, na gari tatu ziko tayari getini. Mchungaji akikataa, anaonekana adui wa ujenzi. Akikubali, kipaza sauti kimekwenda. Dawa yake iko kwenye sesheni, wiki kadhaa kabla: mwaliko wowote wa kuongea uwe ajenda, uandikwe kwenye kumbukumbu, na useme mgeni atasalimia kabla ya ibada au baada yake, kwa dakika ngapi, akisimama wapi. Asimame chini, mimbari isiguswe. Mchango ukabidhiwe kwa mweka hazina, uhesabiwe na watu wawili na kukatiwa risiti, usitangazwe kiasi. Mwezi Septemba 2021 Waanglikana walipowafungia wanasiasa mimbari, na PCEA ikaelekea huko huko, parokia zilizokuwa na utaratibu kama huu hazikuhangaika. Zilizokuwa zikiamua mambo kwenye maegesho ya magari ziliishia kubishana na walinzi wa wabunge.

Mazishi ni magumu zaidi kwa sababu familia ndiyo yenye ratiba. Kanuni inayosaidia ni moja: hotuba zote zitangulie, ibada ifuate, na mchungaji akishashika kipaza sauti kisirudi kwa mwingine hadi baraka. MC akiona hivyo kwenye programu iliyochapishwa, anabana wasemaji mwenyewe. Programu ikiandikwa "salamu za viongozi" katikati ya ibada, mmekwisha; jeneza litakaa juani saa mbili watu wakijibizana kuhusu kura.

Na tuseme ukweli kuhusu udhaifu wetu. PCEA ina mizizi katika vituo vya kale vya wamisionari vya Thogoto, Tumutumu na Chogoria, na washirika wake wengi wanatoka maeneo ya Mlima Kenya. Mchungaji wa Kipresbiteri akisema jambo la kitaifa, nusu ya nchi humsikia kwanza kama mtu wa Mlima. Februari 2008, baada ya damu kumwagika, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, ambalo PCEA ni mwanachama, liliungama hadharani kwamba makanisa yaliegemea upande katika uchaguzi. Jijini, suala hili linaonekana hata kwenye lugha ya ibada. Parokia yenye ibada ya Kiswahili inayojaa ina mchungaji anayesikika na majirani wote wa Kayole au Umoja. Ile inayorudi kwenye Kikuyu kila tangazo likiwa zito inajifungia yenyewe, kisha inalalamika kuwa haisikilizwi.

Kuhusu uhamisho, kosa la kawaida ni parokia kungoja siku ya lori. Barua ikishafika, karani na mchungaji anayeondoka wakague pamoja daftari la kumbukumbu, rejista za ubatizo na ndoa, orodha ya mali na ahadi ambazo sesheni imeshatoa. Vyeti vya ndoa visivyosainiwa ndivyo huleta kizaazaa, kwa sababu mchungaji mpya hawezi kutia saini ndoa asiyoifungisha, na bwana na bibi harusi wataanza kumtafuta wa zamani Nanyuki. Nafasi ikibaki wazi, presbiteri humteua mwenyekiti wa muda kutoka parokia jirani. Karani ampigie siku hiyo hiyo amwombe tarehe ya kikao, kwani bila yeye hakuna ajenda itakayopita.