Taa za kwadi na umeme wake: yanayosemwa na yalivyo

Anayeendesha kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, porini usiku hachelewi kugundua kwamba taa zilizotoka nazo kiwandani zinaonyesha tope lililo mbele ya tairi na vichaka vichache, basi. Hapo ushauri huanza kumiminika: weka balbu kubwa, badilisha betri, funga LED. Sehemu kubwa ya ushauri huo inaruka swali la kwanza, ambalo ni umeme unatoka wapi na upo kiasi gani.

"Ukifunga betri kubwa, itabeba taa kubwa"

Betri haizalishi umeme. Ni tangi, na kisima kiko kwingine: kwenye stetori, zile koili zilizopangwa duara ndani ya kava la injini huku sumaku zikizizunguka. Umeme unatoka pale ukiwa mkondo geu (AC, unaobadili mwelekeo kila mara), unapita kwenye rektifaya, kifaa cha kuunyoosha, yenye regyuleta ya kudhibiti volti ndani yake, na kufika kwenye betri ukiwa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 14 hivi. Ukiongeza ukubwa wa betri bila kugusa stetori, umejipatia muda mrefu zaidi kabla ya kuzimikiwa na pia kitu kinachochukua muda mrefu zaidi kujaa.

Kwadi ndogo za michezo huwa na stetori ya wati mia moja na ushee. Zile kubwa za kazi hufika wati 300, 400 au zaidi. Na namba hiyo hupimwa injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, mara nyingi elfu kadhaa kwa dakika. Injini ikinguruma taratibu, unapata sehemu tu ya hiyo. Hili ndilo linalouma, kwa sababu mahali unapohitaji mwanga zaidi, kwenye mawe na makorongo, ndipo unapotambaa bila kuvuta mafuta, na ndipo feni ya rejeta inapowaka.

Tuchukue mfano wa stetori ya wati 200. Mfumo wa kuwasha cheche, kompyuta na pampu ya mafuta vitumie wati 65. Feni itumie 70. Taa ya nyuma na dashibodi zimalize 10. Zimebaki wati 55 za taa za mbele, na bado hatujaacha kitu cha kuijaza betri. Balbu mbili za halojeni (zile za kawaida za uzi ndani ya gesi) za wati 55 kila moja zimeshavuka mstari. Pengo hilo la wati 55 ni kama ampea 4, na kama betri yako ni ya ampea-saa 12, kwa hesabu ya karatasini una saa tatu. Kwa kweli stata, mota ya kuwashia injini, itagoma mapema zaidi ya hapo.

Kujua hali ya kwadi yako hakuhitaji vitabu. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa imezimwa na betri ya risasi imejaa, utasoma volti 12.6 au 12.7. Iwashe, ivute hadi kwenye mizunguko unayoendeshea kila siku: inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa taa zote na usubiri. Feni ikianza, utaiona namba ikidondoka ghafla. Ikitulia juu ya 13, una nafasi. Ikishuka chini ya hapo na kuendelea kushuka, betri inaliwa hata kama taa zinaonekana kuwaka vizuri.

"Balbu ya wati 100 itatoa karibu mara mbili ya ile ya 55"

Ingekuwa hivyo kama waya zingeruhusu. Balbu mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta ampea 9 na kidogo. Tuseme zinashiriki waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, mita mbili kwenda na mbili kurudi. Waya huo una upinzani wa karibu omu 0.09, kwa hiyo volti 0.8 zinapotelea njiani kabla hujahesabu swichi ya kwenye usukani na koneksheni zilizoingia kutu. Weka balbu mbili za wati 100 na upotevu unakaribia volti 1.5. Halojeni nayo haisamehi: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Umelipia wati nyingi, na sehemu yake nzuri inapasha moto waya. Inayobaki inapasha moto soketi na lenzi ya plastiki, ambazo hazikutengenezwa kwa joto hilo. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia na kunuka plastiki iliyoungua ni jambo la kawaida sana kwa waliopita njia hii.

Njia yenye akili zaidi ni kuziba upotevu kwanza. Taa zikiwa zinawaka, gusisha ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi ya balbu. Unachosoma ndicho kinachoibwa njiani. Rudia upande wa hasi, maana watu husahau kwamba umeme lazima urudi. Ukipata zaidi ya nusu volti, funga rilei, swichi inayoendeshwa na umeme: waya mnene unatoka kwenye betri kupitia fyuzi yake, unafika kwenye rilei, unaenda kwenye taa, na swichi ya usukani inabaki na kazi ndogo ya kuiamuru rilei. Balbu zilezile zitang'aa zaidi. Zitakula wati chache za ziada kwa kuwa volti zimepanda, lakini wati hizo sasa zinakwenda barabarani.

"Fyuzi ikikatika, ongeza namba"

Hapana. Fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Ukiweka ya ampea 30 kwenye waya wa ampea 15, waya ndio utakaokuwa fyuzi, tena chini ya tangi la mafuta.

"LED zinaipumzisha stetori"

Hii inasemwa hata na mafundi wazuri, na ina ukweli nusu. Wati zinapungua kweli: balbu ya halojeni ya aina ya H4, yenye uzi wa mwanga wa chini na wa juu, inakula wati 55 kutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 1,000 za mwanga wa chini, wakati LED nzuri inafika hapo kwa wati 15 hadi 20. Hizo wati 70 au 80 unazookoa kwa taa mbili ndizo zinazoifanya betri ipumue unapotambaa kwa mizunguko ya chini. Kwa kwadi yenye stetori ndogo, sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Ila stetori yenyewe haipumziki. Sumaku zake ni za kudumu, hazina swichi, kwa hiyo zinaendelea kuzalisha kila injini inapozunguka. Kwadi nyingi zina regyuleta ya aina inayopiga shoti umeme uliozidi na kuurudisha kwenye koili zilezile. Ukipunguza mzigo wa taa, kinachozidi kinaongezeka, na regyuleta inapata joto zaidi kuliko zamani. Haitaungua kwa sababu hiyo peke yake ikiwa nzima na inapata upepo. Lakini ikiwa mapezi yake ya kupoozea yamejaa tope kavu, au imebanwa nyuma ya boksi la vifaa, basi LED zako zimeiongezea shida. Safisha mapezi. Ipo pia aina nyingine ya regyuleta inayokata umeme wa ziada badala ya kuupiga shoti, na hiyo inaendesha stetori ikiwa baridi zaidi. Ni badiliko linalofaa kwa anayepanga kukaa na LED.

"Imeandikwa volti 12, basi itafanya kazi"

Kuna kwadi ambazo taa zake hazijawahi kuuona mkondo mnyoofu. Yamaha Banshee, iliyouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006, inawashwa kwa teke, haina betri, na taa zake zinakula mkondo geu moja kwa moja. Balbu ya nyuzi haijali. LED iliyotengenezwa kwa betri itapepesa au itakufa. Mfumo wa namna hiyo unahitaji kwanza rektifaya yenye regyuleta, na mara nyingi ncha ya koili iliyofungwa kwenye bodi lazima ifunguliwe ili nusu zote mbili za wimbi la umeme zitumike, kisha kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) au betri ndogo ya kuutuliza. Taa za zenoni (za gesi, zisizo na uzi) ni mbaya zaidi hapa, kwa sababu wakati wa kuwaka huvuta mkondo mkubwa kuliko ule wa kuendelea kuwaka.

"Kisanduku cha taa ya LED kinasema wati 300"

Kinasema. Mara nyingi muuzaji amezidisha idadi ya chipu kwa uwezo wa juu kabisa wa kila chipu. Pima mkondo: taa inayovuta ampea 5 kwenye volti 13.5 ni ya wati 67, hata jina lake liwe kubwa kiasi gani. Kwa bajeti yako hiyo ni habari njema, kwa macho yako siyo. Rangi nayo isikudanganye. Weupe wa kibuluu wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,000 na kuendelea hauna lumeni zaidi kwa kuwa tu unachoma macho.

"LED ya kuchomeka inafaa kwenye taa yoyote"

Kioo cha ndani ya taa, kile kinachorudisha mwanga mbele, kilichorwa kwa ajili ya uzi wa milimita chache ulio mahali pamoja. Kwenye H4, chini ya uzi wa mwanga wa chini kuna kikombe kidogo cha chuma kinachoficha nusu ya kioo, ndicho kinachokata mwanga usipande juu. LED yenye chipu zilizosogea kidogo au ubao mnene katikati inatawanya kila kitu: mbele ya tairi panang'aa kama mchana, mita hamsini mbele giza, na vumbi linarudisha mwanga machoni. Jaribu ukutani jioni. Usipoona mstari wa kukata kama wa balbu ya zamani, zungusha balbu kama inaruhusu, au nunua taa nzima iliyotengenezwa kuwa LED tangu mwanzo.

"Stetori ikisukwa upya, tatizo limekwisha"

Inawezekana kuongeza wati, ila nafasi ya shaba ndani ya kava ni ileile na sumaku ni zilezile. Msuko wa waya mnene wenye mizunguko michache hutoa zaidi ukienda kasi na mara nyingine hutoa kidogo kuliko wa awali ukitambaa. Muulize fundi namba ya mizunguko ya chini kwanza.

"Taa zilishaelekezwa kiwandani"

Zilielekezwa kabla hujakaza springi, kuweka tairi kubwa na kufunga mzigo kwenye keria ya nyuma. Kila kimoja kinaweza kunyanyua pua ya kwadi na kupeleka mwanga kwenye matawi. Kaa juu yake na mzigo wako wa kawaida, mwambie mtu azungushe skrubu huku ukitazama ukuta ulio mita saba au nane mbele, ushushe hadi sehemu kali ya mwanga iwe chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe. Fanya hivyo kabla hujanunua chochote.