Msiirekebishe Shingo Ile

Wiki iliyopita niliombwa tena kuondoa kazi za wanafunzi wangu wa Darasa la Tano kwenye rafu, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja na kazi hizo "hazipendezi". Ombi hilo nimelisikia katika kila shule niliyofundisha mkoani Lindi, na kila mara hufuatwa na ushauri uleule: mwalimu azirekebishe kidogo, au mzazi mwenye mkono mzuri asaidie nyumbani. Safari hii nimeona nieleze kwa maandishi kwa nini sikubali.

Mradi ulikuwa kumfinyanga dinosaria wa Tendaguru. Kilima hicho kimo mkoani kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani, pamoja na mamia ya vibarua wa huku waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, walichimbua mifupa ya zaidi ya tani 200, ambayo wapagazi waliibeba hadi bandari ya Lindi ili isafirishwe kwenda Berlin. Huko ndiko alikosimamishwa yule mkubwa, Giraffatitan, ambaye zamani aliitwa Brachiosaurus, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 na urefu wa takriban mita 22.

Tulianza uwanjani kwa kuupima urefu huo kwa kamba ya makumbi iliyofungwa fundo kila mita. Makundi mawili yalitofautiana karibu mita nzima, kwa sababu moja liliivuta kamba na jingine liliilegeza. Kisha tukaja kwenye skeli, sentimita 1 kwa sentimita 50, nao wakapata wenyewe kwamba mnyama wao awe na urefu wa sentimita 44 na kimo cha sentimita 26.

Shingo ndiyo iliyotuchukua muda. Katika kundi moja ilianguka mara tatu. Mara ya kwanza waliongeza maji, ikazidi kulegea. Mara ya pili waliifanya nyembamba ili iwe nyepesi, ikakatika. Mara ya tatu binti mmoja, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, alichomeka njiti za chelewa ndani ya udongo na kuinenepesha shingo pale inapokutana na mabega. Hapo ndipo mwenzake alipouliza kama mnyama mwenyewe naye alikuwa na mfupa ndani ya shingo, na kwa nini miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Maswali hayo sikuyaandika kwenye andalio la somo. Shingo iliyobaki rafuni ina nyufa, alama za vidole na njiti moja iliyochomoza, na mtu anayeijua kazi hii anaweza kusoma humo majaribio yote matatu. Mwalimu akiilainisha kwa kiganja chake anafuta ushahidi pekee alionao wa kile mtoto alichofikiri, kisha anampa alama kwa kazi ambayo mtoto hakuifanya. Nimewahi kupokea nyumba ndogo ya mfano iliyopigwa randa na seremala, na mwanafunzi aliyeileta hakuweza kuniambia upana wa mlango wake. Sikumkaripia, kwa maana sisi walimu ndio tuliomfundisha kwamba kinachotakiwa ni uzuri.

Mashaka yangu ni katika upimaji. Mtaala wetu unadai umahiri, lakini kipindi ni dakika 40 na darasani nina wanafunzi zaidi ya sabini. Yule binti nilimwona kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na kundi lake. Sina hakika ni wangapi waliofikiri vizuri nikiwa upande wa pili wa mwembe. Kwa sasa kila kundi hunieleza kwa mdomo ni kitu gani kiliharibika na walikifanyia nini, na anayeeleza namchagua mimi, si wao. Njia hii humwonea mtoto mwenye haya, nami bado sijapata iliyo bora zaidi.

Wageni walifika, nao wanyama walikuwa palepale rafuni.