Kuwaka Mara Kumi Si Dalili ya Kupona

Wengi huamini kwamba kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux ikigoma kuwaka, kisha ikawaka vizuri mara kumi mfululizo, tatizo limekwisha. Hesabu inasema vingine. Hitilafu inayojitokeza mara 1 kwa 100 ina uwezekano wa asilimia 37 hivi wa kutoonekana hata ukiwasha mara 100. Kwa mara 300, asilimia 5.

Nani atabonyeza kitufe mara 300? Iachie skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha. Iwashe kompyuta pepe ya QEMU (programu inayoiga kompyuta) mfululizo, ikiweka kigezo cha console=ttyS0 ili ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux, uingie kwenye faili. Sekunde 60 zikipita bila “login:” (ombi la kuingia) kutokea, isimame na kuhifadhi faili hilo. Jaribu pia -smp 1 na -smp 4, yaani prosesa moja na nne: hitilafu za kupishana kwa michakato hupenda prosesa nyingi. Ila draiva (programu inayoendesha kifaa) ya diski yako halisi haipimwi hapo.