Je, bakteria wa tope la sakafu ya bahari hulala kwa mamilioni ya miaka?

Kanyaga tope jeusi la ufukwe wa Dunga, Kisumu, utasikia harufu ya mayai viza. Hiyo ni gesi ya bakteria wanaoozesha gugu-maji na mabaki ya samaki. Chakula ni tele, na oksijeni wameshaimaliza.

Kwenye sakafu ya bahari katikati ya Pasifiki Kusini mambo ni kinyume. Tope huongezeka mita moja au mbili tu kila miaka milioni, na masalia ya viumbe yanayofika chini ni haba mno hata oksijeni inabaki na kupenya hadi kwenye mwamba. Mwaka 2010 meli ya utafiti ya JOIDES Resolution ilichimba huko, na mwaka 2020 mwanasayansi Yuki Morono wa Japani na wenzake wakatoa habari ya ajabu: bakteria wa kwenye tope la miaka milioni 101.5 walipopewa chakula walikula na kuongezeka, wengi ndani ya siku 68.

Wengi wakisikia haya husema, "Basi walikuwa wamelala." Sivyo. Aina zinazojifungia ndani ya spora, ganda gumu la kungojea neema, zilikuwa chache, na kuna sababu nzuri.

Fikiria nyumba ya udongo. Ukiifunga na kuhama, mvua haisiti kwa kuwa haupo: nyufa hupanuka, mchwa hupanda, ukuta huanguka. Anayebaki, hata awe maskini, akikanda udongo kidogo kila msimu na kuziba ufa kabla haujawa pengo, nyumba yake husimama. Chumba kipya hajengi. Hana cha kujengea. Bakteria hawa huishi hivyo. Maji yenyewe huvunja DNA polepole, na protini huharibika zikikaa. Spora iliyolala haizibi ufa. Aliye macho hutumia nishati kiduchu aliyonayo kukarabati, na kuzaliana kunasubiri.

Nishati hiyo hutoka wapi? Kwenye masalia ya wenzao waliokufa, na pia kwenye urani, thori na potasiamu ya topeni, elementi zinazotoa mnururisho: mnururisho huo hupasua maji na kutoa hidrojeni inayolika. Kwa hesabu za wataalamu, kadiri tope linavyozeeka ndivyo hidrojeni hii inavyokuwa tegemeo kubwa zaidi.

Ila miaka milioni 101.5 ni umri wa tope. Haithibitishi kwamba seli moja imeishi muda wote huo. Huenda zimekuwa zikigawanyika, kwa nadra sana.